Kabla ya Kushika Gundi: Maandalizi ya Ndege Kubwa ya Modeli ya Petroli

Usianze na gundi. Pata injini kwanza, kwa sababu urefu wake ndio unaoamua ubao wa pua (unaofungiwa injini) ukae wapi. Ukikisia, kava la injini halitafunga. Ubao huo ubandikwe kwa epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) inayokauka polepole (ya dakika 5 haifai hapa), kisha upakwe epoksi nyembamba usinyonye petroli.

Mpira wa kupitishia mafuta usiwe wa silikoni: petroli huuvimbisha na kuulainisha, injini ikazimika angani. Boliti za chuma zitiwe gundi ya kuzuia kulegea, maana mtetemo wa injini ya silinda moja hauna huruma.

Kisanduku cha cheche za injini kikae mbali na risiva (kipokea mawimbi ya rimoti), sentimita 30 hivi, kila kimoja na betri yake. Servo (mota ndogo zinazosogeza sehemu za kuongozea ndege) zenye gia za plastiki? Ziache kwa ndege ndogo.