Somo: Theluji ya kina kwa 4x4, toa upepo kabla ya kukanyaga mafuta

Magari yaliyoinuliwa na kuvalishwa matairi ya inchi 38 au 44, kama yale yanayopanda barafu ya kudumu ya Vatnajökull kule Iceland, hayaishindi theluji kwa ubavu wa injini. Yanaelea. Tairi lililopungua upepo hulala, sehemu inayokanyaga chini ikarefuka zaidi ya inavyopanuka, na uzito ukagawanyika.

1. Kabla ya kutoka. Rimu ziwe na pete za kubana tairi, au tairi ligundishwe kwenye rimu. Bila hivyo, ukiwa chini ya psi 5 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) kona moja ya haraka inatosha kuling'oa. Geji iwe ya psi 0 hadi 15. Ile ya kawaida ikisema 3 inabahatisha tu. Ukitoka inchi 31 kwenda 38 mzingo unaongezeka karibu 23%, kwa hiyo gia za difu (zinazogawa nguvu kwa magurudumu) zibadilishwe, la sivyo klachi itakulilia. Spidomita nayo, isiporekebishwa, ikisoma 80 uko kwenye 98.

2. Upepo. Theluji iliyoshindiliwa: psi 10 hadi 12. Ya kina: 4 hadi 6. Laini kama unga: 2 hadi 3, kwa mwendo wa kutambaa. Hapo ni pa kuanzia tu. Gari zito lina hesabu yake. Shuka uangalie alama ulizoacha. Zikiwa na kingo zilizokatwa wima kama mtaro, bado upepo ni mwingi. Zikiwa pana na zimelala, na ubavu wa tairi una mikunjo karibu na chini, endelea.

3. Kuondoka. Weka 4L (magurudumu yote manne kwa gia nzito), funga loki ya difu ya nyuma ili magurudumu yake mawili yazunguke pamoja, anza na gia ya pili. Ya kwanza ina nguvu mno, tairi linazunguka bure. Na hapa ndipo wengi wanapojizika: tairi likizunguka papo hapo huyeyusha theluji chini yake, maji yakaganda, ukabaki juu ya kioo. Ukihisi gari linazama, achia mafuta SASA HIVI. Rudi mita chache kwenye alama zako mwenyewe, kisha songa tena. Kila safari unapata mita mbili tatu. Inachosha, lakini inashinda koleo.

4. Kusimama. Usikanyage breki, acha mwendo upungue hadi gari lisimame lenyewe. Breki hurundika theluji mbele ya matairi, na huo ndio ukuta utakaokuzuia kuondoka.

Maswali ya wanachama

*Nilipima psi 5 gereji, nje nikakuta 3. Valvu inavuja?*
Huenda haivuji. Kutoka nyuzi 15 hadi −15 hewa hunywea, na 5 inakuwa 3 kasoro kidogo. Pima tairi likishapoa kwenye baridi ya hukohuko.

*Nifunge minyororo?*
Si kwenye tairi lililolala. Inalegea, inakata ubavu, na inachimba badala ya kuelea.

*Tumekwama na tufani inapiga. Tuwashe injini tupate joto?*
Chimbua ekzosi kwanza, na urudie kila inapofukiwa. Ikizibwa, kaboni monoksaidi inaingia ndani, na haina harufu. Acha dirisha wazi kidogo upande usiopigwa na upepo.

*Iceland naruhusiwa kukata popote?*
Hapana. Kuacha njia ni marufuku, isipokuwa juu ya barafu ya kudumu, au kwenye ardhi iliyoganda na kufunikwa na theluji. Ukiona kuvumwani, ule mmea mdogo laini unaotanda juu ya ardhi na mawe, imechungulia kwenye theluji, geuza.

*Naweza kurudi kwenye lami na psi 4, nijaze mbele ya safari?*
Usithubutu. Ubavu unaokunjwa kwa kasi hupata moto hadi nyuzi za ndani zinaachana. Jaza palepale theluji inapoishia, na upulize valvu kabla ya kufunga kifuniko: tone moja la maji likiganda ndani, haitafunga.