Kuizuru Lyon na Strasbourg Ukiwa Safari ya Kikazi

Wengi wanaotumwa Ufaransa kwa semina au mkutano wa kimataifa huishia kuona uwanja wa ndege, hoteli na ukumbi, kisha Jumamosi wakakimbilia Paris kupanga foleni. Yule ambaye kazi imempeleka Lyon, yalipo makao makuu ya Interpol tangu 1989, au Strasbourg, panapokutana Bunge la Ulaya na Baraza la Ulaya, ningemshauri abaki hapo hapo. Sehemu za kale za miji hii miwili zinatembeleka kwa miguu, na uzuri wake mwingi uko mitaani, si ndani ya makumbusho yanayofungwa mjumbe wa mkutano akiwa ndiyo kwanza anavua kitambulisho shingoni.

Maandalizi yaanze na viza. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, hutaja idadi ya siku unazoruhusiwa kukaa, kwa hiyo ukitaka kuongeza siku mbili za matembezi baada ya mkutano, ziombe tangu mwanzo, bima ya safari na malazi navyo vizijumuishe, na ukubaliane na mwajiri kwa maandishi posho inakoma siku gani. Kisha utazame kalenda ya mji wenyewe. Strasbourg hujaa katika wiki ambazo Bunge la Ulaya lina kikao, na hujaa zaidi wakati wa soko la Krismasi kuanzia mwishoni mwa Novemba, huku Lyon ikifurika wageni wa Tamasha la Taa karibu na tarehe 8 Desemba. Mwezi Juni ndio unaomfaa zaidi mtu wa mikutano, kwa kuwa jua huzama baada ya saa tatu usiku, na hivyo anapotoka ukumbini bado ana saa kadhaa za mwanga. Desemba giza huingia kabla hata kikao cha mwisho hakijafungwa.

Lyon ndiyo inayodai muda mrefu zaidi. Ilianzishwa na Warumi mwaka 43 kabla ya Kristo, na ukumbi wao wa michezo ungali umechongeka kwenye mteremko wa kilima cha Fourvière, ambako unaingia bila kulipa. Panda kwa treni ndogo ya mlimani inayoanzia kituo cha Vieux Lyon, utazame mji na mito yake miwili, Rhône na Saône, kutoka uwanda ulio kando ya basilika, kisha ushuke kwa miguu hadi mji wa kale. Huko chini kuna njia zinazoitwa traboules. Aliyezoea vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar atavielewa upesi, ila hivi vya Lyon hupita ndani ya nyumba za watu. Ukifika namba 54 ya mtaa wa Saint-Jean, utaona mlango wa kawaida usio na dalili ya ajabu yoyote. Usukume, na kama haufunguki bonyeza kitufe kilicho pembeni, kisha ufuate ujia mwembamba wenye giza, upite kwenye nyua zilizozungukwa na madirisha ya wapangaji, hadi utokee namba 27 ya mtaa wa Bœuf. Nenda asubuhi, kwa sababu jioni milango mingi huwa imefungwa, na uteremshe sauti, maana nyuma ya madirisha hayo kuna watu wanaokunywa chai yao.

Ukibaki na nguvu, upande Croix-Rousse, kilima cha wafumaji wa hariri walioasi mwaka 1831 na tena 1834 wakidai malipo bora. Dari za nyumba zao ziliinuliwa juu ili mitambo mirefu ya kufumia iitwayo Jacquard ipate nafasi.

Strasbourg inamfaa mwenye muda mdogo. Kanisa kuu lake la mawe mekundu lina mnara mmoja tu wenye urefu wa mita 142, ambao ulikuwa jengo refu kuliko yote duniani tangu 1647 hadi 1874. Saa yake ya elimu ya nyota huonyesha msafara wa Mitume mbele ya Kristo saa sita na nusu mchana, muda unaoangukia vizuri katika mapumziko ya chakula, mradi ufike mapema kukata tiketi. Jioni iache kwa Petite France, mtaa wa mifereji na nyumba za mbao za watengeneza ngozi wa zamani. Tiketi ya karatasi ya tramu hugongwa kwenye mashine ya kituoni kabla ya kupanda, na wakaguzi hawasikilizi udhuru wa ugeni.

Kuhusu chakula, majiko mengi hufungwa baada ya saa nane mchana na kufunguliwa tena saa moja jioni, basi usichelewe. Migahawa ya kienyeji ya Lyon hupenda mno nguruwe, na ya Strasbourg vilevile. Mwislamu akiwa Lyon atapata vyakula vya halali kwa urahisi mtaa wa Guillotière. Popote uingiapo, anza na «bonjour» kabla ya kuuliza lolote, kwani kwa Wafaransa kuuliza bila salamu ni utovu wa adabu kama ulivyo kwetu.

Siku ya kuondoka, acha mizigo mapokezi ya hoteli utembee asubuhi. Miji yote miwili ina treni za kasi zinazofika moja kwa moja uwanja wa Charles de Gaulle. Kutoka Lyon ni takriban saa mbili. Chagua treni inayokuachia nafasi ya kutosha kabla ya ndege, na ukisikia habari za mgomo wa reli, angalia jioni ya kuamkia safari, ambapo orodha ya treni zitakazotembea huwa imeshatangazwa.