SOMO: Brashi ya kunyolea ya manyoya ya baja, tangu kununua hadi kukausha

Wakuu, salaam. Wapo walioniuliza kwa nini natumia dakika kumi na tano kunyoa ndevu wakati mashine ya umeme inamaliza kazi kwa dakika mbili. Sababu ni brashi. Hii yangu ina mwaka wa kumi na moja sasa, na kila asubuhi bado naupenda ule muda maji ya moto yanapochuruzika kutoka kwenye manyoya hadi kiganjani, kabla hata sijagusa sabuni. Leo natoa somo zima, maswali yenu nitayajibu chini.

Nimekulia Tanga na ndevu zangu ni za kipilipili kama za wengi wetu. Ujanani nilinyoa kwa sabuni ya kuogea, povu likikauka kabla wembe haujafika kidevuni. Shingo ilijaa vipele vya usaha mpaka kola ya shati ikawa adhabu. Kinyozi mmoja akanishauri nikandamize wembe ili nywele zikatike chini zaidi, na hapo ndipo nilipoharibika kabisa. Unywele wa kipilipili ukikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha yake kali hujikunja na kuichoma ngozi wakati unaota tena. Kipele ndiyo hicho.

Brashi haiponyi vipele, nisiwadanganye. Kazi yake ni kuunywesha unywele maji na kuusimamisha, ili wembe ukate bila wewe kutia nguvu. Kwa ngozi zetu hilo si jambo dogo.

BAJA NI MNYAMA GANI

Ni mnyama wa Ulaya na Asia, ukoo mmoja na nyegere wetu, mwenye uso mweupe wenye milia miwili myeusi. Nyegere mwenyewe hahusiki na brashi hizi. Manyoya mengi ya sokoni leo yanatoka China; Uingereza baja analindwa kwa sheria maalumu ya mwaka 1992. Watengenezaji wameyapenda manyoya haya tangu zamani kwa sababu yanashika maji mengi, ncha zake ni nyembamba na laini, na ukiyakunja yanarudi yenyewe.

KUCHAGUA

Kwenye boksi utakuta neno badger pamoja na daraja. "Pure" ni manyoya ya kawaida, meusi au kijivu, magumu kidogo. "Best" ni marefu na membamba zaidi. "Silvertip" ndiyo ya juu, ncha zake nyeupe na laini mno, na bei yake inaweza kuwa mara tatu ya "pure". Hakuna chombo kinachosimamia majina haya, kwa hiyo "best" ya mtengenezaji mmoja inaweza kuizidi "silvertip" ya mwingine. Usinunue jina.

Angalia ncha. Brashi nzuri hupewa umbo kwa mkono: fundi anayapanga manyoya ndani ya kikombe yakiwa yametazama chini, anayafunga, kisha anakata upande wa mizizi peke yake. Ncha za asili zinabaki kama mnyama alivyozaliwa nazo. Brashi duni huchongwa kwa mkasi juu ili iwe duara, na zile ncha zilizokatwa zinachoma. Gusisha brashi kavu shavuni, igandamize kidogo. Ikikuchoma kama ufagio wa chelewa, irudishe.

Yangu niliinunua London, mtaa wa Jermyn Street, ambako bado kuna maduka ya kizamani ya vifaa vya kunyolea. Niliingia nikiwa na nia ya silvertip. Mzee wa dukani akaniwekea mbili juu ya kitambaa, akaniambia nizipitishe shavuni huku nimefumba macho. Silvertip ilikuwa kama pamba. Ile "best" ilikuwa laini pia, ila chini ya ulaini nilisikia kitu kinachokuna, kama kidole kinachokukuna pale pale panapowasha. Nikachukua hiyo, kichwa chake, yaani lile fungu la manyoya, kina upana wa milimita 22 pale linapoingia kwenye mpini. Mpaka leo naamini kwa ndevu za kipilipili "best" inafaa kuliko silvertip, kwa sababu inazisimamisha nywele.

HATUA YA 1: Ioshe ikiwa mpya

Brashi mpya ya baja hunuka mnyama, hasa ikilowa. Ipige povu zito kwa sabuni, iache na povu lake usiku kucha, asubuhi isuuze. Rudia mara mbili au tatu na harufu itaondoka. Nywele chache zitadondoka wiki za mwanzo, usiwe na hofu. Zikiendelea kudondoka nyingi baada ya mwezi, gundi ya ndani ni mbovu.

HATUA YA 2: Iloweke

Maji yawe ya moto kiasi cha kuogea, yasiwe ya kuchemka. Dakika mbili zinatosha, na wakati huo unanawa uso kwa maji hayo hayo. Kisha itoe, iache ichuruzike yenyewe, ikung'ute mara mbili tu.

HATUA YA 3: Chukua sabuni

Sabuni iwe ya kunyolea. Povu la sabuni ya kuogea hufa haraka. Zungusha brashi juu ya sabuni sekunde thelathini nzima. Wengi huishia sekunde tano halafu wanalaumu brashi. Mwanzo utaona mapovu makubwa, kisha yanakuwa madogo, kisha unapata kitu kama uji mzito unaong'ang'ania ncha. Hapo acha.

HATUA YA 4: Povu usoni

Hapa ndipo penye utamu, na sitaki mpite haraka. Anza shavuni kwa kuzungusha taratibu. Povu litakuwa zito na kavu. Chovya ncha peke yake kwenye maji, zungusha tena. Litalegea kidogo. Chovya tena. Baada ya mara tatu au nne litaanza kung'aa kama mtindi uliokorogwa vizuri, na ukiliangalia kwa karibu huoni kipovu hata kimoja. Likibaki na mapovu makubwa kama la kufulia, sabuni ilikuwa kidogo. Likikauka na kushika uso kama chokaa, maji ni machache.

Usiikandamize brashi mpaka manyoya yatandawae, utayavunja katikati. Fanya kazi kwa ncha. Peleka chini ya kidevu, panda shingoni kinyume na nywele zinavyolala, urudi. Malizia kwa mipigo mirefu ya kupaka, kama fundi anayepaka rangi ukuta. Dakika tatu nzima za kazi hii, joto la maji limo ndani ya povu, na nywele zilizokuwa kama waya zinalegea chini ya mkono wako. Wakati wa baridi huku Glasgow, Uskoti, ninakoishi sasa, kukiwa bado giza saa mbili asubuhi, hakuna sehemu ya siku ninayoipenda kuliko hii.

HATUA YA 5: Wembe

Nyoa kufuata nywele zinavyolala, ukitumia uzito wa wembe wenyewe. Usiivute ngozi, maana ukiiachia unywele uliokatwa unazama ndani. Ukitaka kurudia, paka povu upya. Brashi bado ina akiba ya kutosha. Mwenye vipele aishie mzunguko mmoja, na aridhike na kivuli kidogo cha ndevu.

HATUA YA 6: Isuuze na kuikausha

Suuza mpaka maji yatoke safi bila povu, kung'uta, ipitishe juu ya taulo kavu, isimamishe penye hewa. Kwa Dar, Mombasa na pwani yote, usiifungie kabatini ikiwa mbichi. Kuvu itaingia katikati ya kichwa na hutaiona mpaka inuke.

MASWALI YA WADAU

Mdau, Kigamboni: Mkuu, maji yetu ya kisima yana chumvi. Povu linakufa kabla sijamaliza shavu moja. Tatizo ni brashi?

Tatizo ni maji, kaka. Maji magumu yanaila sabuni kabla haijawa povu. Nilipokuwa London maji yalikuwa hivyo hivyo, yanapita kwenye mawe ya chokaa. Nilipohamia Glasgow, ambako maji hutoka ziwa la Loch Katrine na ni laini mno, sabuni ile ile na brashi ile ile zikatoa povu maradufu, nikabaki naliangalia kwenye kioo. Kinga maji ya mvua, weka hata lita moja kwa ajili ya kunyoa tu. Ukikosa, ongeza muda wa kuchukua sabuni mpaka dakika nzima. Na kila baada ya miezi miwili iloweke brashi dakika kumi kwenye maji yenye siki kidogo, kisha isuuze sana. Siki inatoa ule utando mweupe wa sabuni unaoyafanya manyoya yawe makavu.

Mdau, Lamu: Ndugu, sisi Waislamu tunatumiaje manyoya ya mnyama ambaye hatujui alikufaje? Na nasikia nyingine ni za nguruwe.

Swali la msingi, ndugu yangu, na ahsante kwa kuuliza. Brashi nyingi za bei nafuu ni za nguruwe kweli. Kwenye boksi tafuta neno boar au bristle, hizo ziache. Kuhusu baja, mimi ni Mkristo na siwezi kutoa hukumu. Nilichoelezwa na marafiki wenye elimu ni kwamba kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani, kauli maarufu inayahesabu manyoya ya mnyama asiyechinjwa kisheria kuwa najisi, wakati Wahanafi na Wamaliki wanayaona ni twahara. Muulize shehe wako. Ukitaka kuondokana na shaka, nunua ya nyuzi za kiwandani. Za siku hizi ni laini kweli, hukauka upesi na zinahitaji maji kidogo. Rafiki yangu wa Pangani anayo, nami nimeijaribu: povu lake halina kasoro, ila haishiki joto la maji kama baja. Vivyo hivyo kwa anayemhurumia mnyama. Hilo nalo ni jambo la haki, na baadhi ya kampuni zimekwisha acha kuuza za baja kwa sababu hiyo.

Mdau, Morogoro: Kaka, nina saluni. Nikinunua moja nzuri nitawapendeza wateja?

Usitumie brashi moja kwa wateja wengi, tafadhali. Wembe hukwaruza, damu kidogo inaingia kwenye povu, na virusi vya homa ya ini B vinaweza kuishi nje ya mwili hata siku saba. Manyoya ya baja hayavumilii kuchemshwa. Mteja wa kudumu mwekee brashi yake, iandike jina. Wengine wapakie povu kwa mkono wenye glavu.

Mdau, Nairobi: Nimeokota brashi ya zamani sana Gikomba, mpini kama pembe ya ndovu, manyoya bado mazima. Naweza kuitumia?

Kama ni ya kabla ya mwaka 1930, iweke kabatini kama pambo, usiiguse na uso. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza manyoya ya baja yaliadimika, wakatumia ya farasi yaliyofananishwa na ya baja bila kuyasafisha ipasavyo. Watu wakaugua kimeta Uingereza na Marekani, wakiwemo askari, na wengine walikufa. Vimelea vya kimeta hulala miaka mingi bila kufa. Kama mpini umekupendeza, mpe fundi ang'oe manyoya yote, achome, akutilie kichwa kipya. Na akague huo mpini: ukiwa ni pembe ya ndovu ya kweli, sheria ya Kenya inakuhusu.

Dada, Dodoma: Nataka kumnunulia mume wangu zawadi. Ana ndevu ngumu na hajawahi kutumia brashi. Nianze na ipi?

Shemeji atafurahi, dada. Chukua "best" yenye kichwa cha milimita 22 au 24, sabuni ya kunyolea kwenye bakuli lake, basi. Kisimamio si lazima. Mwambie asiiloweke kwenye maji yaliyotoka jikoni yakichemka. Gundi huachia, manyoya hupinda, na brashi huharibika siku hiyo hiyo.