Fundisha ufikivu kwa kitini chenu wenyewe

Mwalimu mwenzangu, usianze somo la ufikivu, yaani kuandaa maandishi ambayo hata mwenye ulemavu anaweza kuyatumia, kwa hotuba ya kuwahurumia watu wenye ulemavu. Anza na faili. Chukua kitini ambacho darasa lako linakitumia wiki hii, kifungue kwenye kompyuta ya maabara, washa programu ya kusoma skrini, kisha wote msikilize. Mtasikia wenyewe pale kitini kinapomwacha njiani mwenzenu asiyeona.

Nafundisha TEHAMA katika sekondari moja hapa mkoani Dodoma. Mkoa huu ndio wenye Buigiri, kule Chamwino, ambako shule ya kwanza ya wasioona nchini ilifunguliwa mwaka 1950. Tangu mwaka 2010 tuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayowapa haki ya kusoma pamoja na wengine. Lakini haki hiyo inakwama kwenye mambo madogo. Mtihani wa zamani unapigwa picha kwa simu, unatumwa kwenye grupu la WhatsApp, na wote wanashukuru. Mwanafunzi wangu mmoja asiyeona aliufungua, akasikiliza, akaniambia: "Mwalimu, hapa inasema picha tu." Maswali yote yalikuwa ndani ya hiyo picha.

Programu ninayotumia ni NVDA. Ni ya bure, na unaweza kuiweka kwenye flashi ukaiendesha bila kuisakinisha, jambo linalosaidia sana pale ambapo kompyuta za shule zimefungwa kwa nywila. Ipakue mara moja mahali penye intaneti, basi. Waambie wanafunzi kwamba aliyeianzisha mwaka 2006 ni Michael Curran, kijana wa Australia asiyeona, akaungana naye James Teh, ambaye naye haoni. Huwa sikosi kulisema hili. Nataka mtoto ajue kuwa mwenye ulemavu ndiye aliyetengeneza chombo ambacho leo sisi wenye macho tunajifunza kukitumia.

Kwenye mipangilio ya sauti chagua Kiswahili. Ukiiacha kwenye Kiingereza, itasoma maneno yetu kama mgeni aliyeteremka uwanja wa ndege jana. Fungua pia dirisha linaloandika kila kinachotamkwa. Limo kwenye menyu ya zana. Dirisha hilo humwezesha mwanafunzi kiziwi kufuatilia somo sawa na wenzake.

Zoezi la kwanza ni vichwa vya habari. Wengi tunakoleza maneno, tunayakuza, tukiamini tumeandika kichwa. Kwa programu hayo ni maandishi kama mengine. Weka kiteuzi kwenye mstari wa kichwa, bonyeza Ctrl, Alt na 1 kwa pamoja, na Word itautambua kuwa kichwa kikuu. 2 ni kwa vichwa vidogo. Kisha bonyeza Insert na kitufe cha nafasi, halafu herufi H. Msomaji anaruka kutoka kichwa hadi kichwa. Wape kitini kile kile kabla na baada ya kurekebishwa, waambie watafute mada moja kwa kusikiliza tu. Hutahitaji kueleza zaidi.

Zoezi la pili ndilo ninalolipenda, na ulipe vipindi viwili: kuandika maelezo ya picha. Leta grafu ya mvua ya Dodoma kutoka somo la Jiografia. Wengi wataandika "Grafu ya mvua", wakaweka kalamu chini. Waulize: anayesikia hivyo ataweza kujibu swali la mtihani? Warudi, waandike tena. Baada ya mabishano hupatikana kitu kama hiki: "Grafu ya nguzo inayoonyesha mvua ya Dodoma kwa miezi 12. Nguzo ndefu ni za Desemba hadi Machi. Aprili inapungua, na kuanzia Juni hadi Septemba karibu hakuna nguzo." Hapo mwanafunzi amefundishwa Jiografia na Kiswahili bila kuambiwa. Anayeandika maelezo mazuri ya grafu ni lazima awe ameielewa, na nimeona wasiopenda Jiografia wakiielewa kwa njia hii. Kuna mtego mmoja: swali likiuliza mwezi gani una mvua nyingi zaidi, maelezo yasitaje jibu. Hapo weka jedwali la takwimu, mwanafunzi atafute mwenyewe kama wenzake.

Rangi zifundishe nje. Toka na simu yako saa sita mchana (wao hawaruhusiwi kuja na simu), uwaonyeshe maandishi ya kijivu kwenye weupe chini ya jua letu. Hakuna atakayeyasoma. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa kurasa za intaneti, unataka utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma. Mwenye uoni hafifu, wakiwemo wanafunzi wengi wenye ualbino, anauhitaji hata ndani ya darasa. Ramani yenye nyekundu na kijani pekee iongezewe herufi au michoro, kwa wasiotofautisha rangi hizo.

Mengine ni mepesi. Ujumbe wa sauti uambatane na maandishi. Video iwe na maandishi chini, yaliyoandikwa na wanafunzi wenyewe. Anayetumia mkono mmoja abonyeze Shift mara 5, akubali, na baada ya hapo atabonyeza vitufe kimoja kimoja badala ya vitatu kwa pamoja.

Sikushauri kuwafunga watoto vitambaa machoni. Dakika kumi za giza huwafundisha woga, na wanatoka wakidhani asiyeona anaishi kwenye woga huo kila siku. Mwenye ulemavu darasani awe mkaguzi: kazi ya kila kundi ipite kwake, aseme inasomeka au haisomeki, na neno lake liwe na alama. Muulize kwanza faraghani kama anapenda jukumu hilo. Akikataa, usimbembeleze, kagueni kwa NVDA wenyewe.

Mtihani ujao ukipelekwa steshenari kuchapwa, dai na faili la Word pamoja na nakala za karatasi. Lifungue kwa NVDA siku hiyo hiyo, kabla mchapaji hajalifuta.