Njia ya zege bustanini: mwaga mwenyewe, ila chunga maji

Jirani yangu aliniita nikaangalie njia yake ya zege, ile inayotoka mlango wa jikoni hadi kwenye matuta ya mboga. Msimu wa mvua ulikuwa haujaisha na tayari kila ukipitisha ufagio unaondoka na vumbi la kijivu. Ukikwaruza kwa msumari, msumari unazama. Yeye alishaamini kwamba ameuziwa saruji mbovu. Tulivunja, tukamwaga upya kwa saruji ya aina ileile, na sasa msumari unateleza juu. Kilichobadilika ni maji: ya kuchanganyia yalipungua, ya kumwagilia yakaongezeka. Watu wengi hufanya kinyume chake kabisa.

Vipimo ninavyotoa hapa ni vya njia ya mita 3 kwa mita 1, unene sentimita 10. Inabeba watu na toroli. Ya kupitisha gari ni kazi nyingine.

Vifaa

Saruji mifuko 2 ya kilo 50. Mchanga ndoo 7 na kokoto ndoo 14, kwa ndoo ya lita 20. Kokoto ziwe za nusu inchi hadi robo tatu. Mbao za kingo, vigingi, kamba, pima maji (kifaa cha kupimia usawa), koleo mbili, mwiko, ubao mrefu ulionyooka, na nailoni ya kutosha kufunika njia nzima. Nailoni usiiache kwa kubana matumizi, utaona sababu.

Vaa glavu na buti za mpira. Saruji mbichi inaunguza ngozi polepole, na mara nyingi hutahisi kitu mpaka jioni, wakati magoti uliyopigia kwenye zege yameshachubuka.

Hatua ya 1: Chimba na shindilia

Chimba sentimita 20, toa mizizi, rudishia sentimita 10 za kifusi au changarawe, loanisha, shindilia mpaka kisigino kisiache alama. Sehemu ya chini iwe sawa. Vifusi vikiwa na mabonde, zege lote litaishia humo na mifuko 2 haitafika mwisho.

Hatua ya 2: Funga mbao

Simamisha mbao pande zote, vigingi viwe upande wa nje. Upande wa mbali na nyumba uwe chini kwa sentimita 2 kwa kila mita ili maji ya mvua yaondoke ukutani. Wengine hupaka mbao oili chafu ya injini zisigande. Karibu na mboga mimi siiruhusu. Naloanisha mbao kwa maji, basi.

Hatua ya 3: Kagua mchanga

Chukua chupa ya kioo au plastiki inayoonyesha ndani. Tia mchanga mpaka katikati, jaza maji yenye chumvi kidogo (vijiko 2 vya chai kwa lita), tikisa kwa nguvu, iache saa 3 bila kuigusa. Mchanga utatua chini, na juu yake utaona tabaka laini la tope. Tabaka hilo likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, mchanga huo uoshe au urudishe. Tope linajipaka kwenye mchanga na kokoto na kuzuia saruji isishike.

Saruji nayo, tia mkono ndani ya mfuko. Mabonge yanayovunjika kwa vidole hayana neno. Yasiyovunjika ni mawe tayari, na hakuna dawa.

Hatua ya 4: Kuchanganya, na hapa nenda taratibu

Kipimo ni 1:2:4, yaani saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Pima kwa ndoo. Najua wapo wanaohesabu makoleo, na hapo sikubaliani na mtu yeyote, awe fundi wa miaka mingapi: koleo la asubuhi limejaa, la saa sita limechoka pamoja na aliyelishika. Mfuko mmoja wa saruji una ujazo wa lita 35 hivi, kwa hiyo unakula mchanga ndoo 3 na nusu na kokoto ndoo 7. Changanya mfuko mmoja kwanza, umwage, ndipo uanze wa pili. Ukichanganya yote kwa mkupuo na uko peke yako, nusu itaanza kushika ingali kwenye lundo.

Changanyia juu ya bati au sakafu ngumu, kamwe si juu ya udongo. Anza na mchanga na saruji vikiwa vikavu, geuza mara 3 au zaidi mpaka rangi iwe moja, bila mistari ya kijivu. Ongeza kokoto, geuza tena. Tengeneza shimo katikati, anza kutia maji.

Mfuko wa kilo 50 unahitaji maji lita 25 hivi, yaani nusu ya uzito wa saruji. Hiyo ni jumla, pamoja na maji ambayo tayari yamo ndani ya mchanga. Fumbata mchanga kiganjani: ukibaki umeshikamana na kuacha unyevu mkononi, umebeba maji mengi tayari, basi anza na lita 18 na uongeze kwa kikombe. Ukimwagika wenyewe kwenye vidole, ni mkavu, anza na lita 22. Mchanga wenye unyevu una hila nyingine pia. Huvimba, unaweza kuzidi robo ya ujazo wake, hivyo ndoo inayoonekana imejaa ina mchanga pungufu. Ukiwa na unyevu wa namna hiyo, ongeza nusu ndoo kwa kila mfuko.

Sasa inakuja dakika inayoharibu kazi. Umegeuza mara mbili, zege linaonekana kavu, koleo ni zito, mgongo unauma, na ndoo ya maji iko pembeni. Usiiguse. Geuza mara nyingine mbili. Maji huchukua muda kuenea, na lundo lililoonekana kavu litalainika lenyewe. Ukilipiga kwa mgongo wa koleo, uso ung'ae na kufunga matundu, lakini mtaro utakaouchora kwa ncha ya koleo ubaki umesimama. Mtaro ukijifukia wenyewe umepata uji, na uji ni mtamu kumwaga tu. Maji yaliyozidi hayana kazi na saruji: yanapanda juu au yanatoka kwa mvuke, na kila yalipopita yanaacha tundu dogo. Vumbi la jirani yangu lilizaliwa hapo.

Ukishazidisha maji, usijiokoe kwa kuongeza kokoto. Ongeza saruji na mchanga mkavu kwa uwiano uleule, kisha kokoto zake. Na zege lililoanza kugandamana baada ya saa moja na nusu hivi lisirudishiwe uhai kwa maji. Litupe, au ulitumie kujazia shimo lisilo na maana.

Hatua ya 5: Kumwaga

Loanisha changarawe kwanza ili isinyonye maji ya zege, ila pasiwe na madimbwi. Mwaga kuanzia mwisho wa mbali ukirudi nyuma. Chomachoma kwa fimbo hasa kwenye kona na kando ya mbao. Pitisha ubao mrefu juu ya mbao mbili ukiusogeza huku na huku kama msumeno, na ukiona bonde, jaza.

Katikati ya urefu, kwenye mita 1 na nusu, kata mstari kwa mwiko wenye kina cha sentimita 2 na nusu. Zege husinyaa na lazima litapasuka mahali. Mstari huo unalionyesha pa kupasukia.

Hatua ya 6: Kulainisha

Subiri. Maji yatapanda na kung'aa juu, kisha yatapotea yenyewe. Kabla hayajapotea, weka mwiko mbali. Na tafadhali, ule mtindo wa kunyunyiza saruji kavu juu ili ikaushe haraka uachwe: unatengeneza ngozi nyembamba itakayobanduka magamba. Maji yakiisha, sugua kwa ubao, si kwa mwiko wa chuma. Uso uliong'arishwa kwa chuma ni mzuri sebuleni, lakini nje mvua ikinyesha unaangusha wazee.

Hatua ya 7: Kumwagilia, siku 7

Zege halikauki likawa gumu. Linakuwa gumu kwa sababu saruji inaungana na maji, na maji yakitoweka mapema kazi hiyo inakatika katikati. Likitunzwa vizuri, siku ya 7 huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu inayopimwa siku ya 28.

Bonyeza kwa kidole gumba. Kisipoacha alama, nyunyiza maji taratibu kisha funika kwa nailoni, kingo zizibwe kwa mchanga au mbao upepo usiingie. Asubuhi inua kona: ukiona matone chini ya nailoni na zege lina rangi ya kijivu kilichokolea, liko salama. Likianza kupauka, mwagilia. Kumwagilia mara tatu kwa siku bila kufunika, jua likiwa kali, ni kulilowesha na kulikausha kwa zamu, na uso ndio unaoumia. Huna nailoni? Magunia yanafaa, ila yasikauke hata mchana mmoja.

Baada ya siku mbili unaweza kupita kwa miguu. Toroli lingoje siku 7.

Hatua ya 8: Toa mbao

Kesho yake baada ya kumwaga zege zinatoka, gonga vigingi kwanza, usizing'oe kwa kuzivuta juu. Rudishia udongo pembeni ukiwa chini ya uso wa zege kwa sentimita 2, la sivyo kila mvua itaurudisha juu ya njia. Safisha koleo na mwiko siku ileile ya kumwaga, na maji hayo ya kuoshea usiyamwage kwenye mboga.