Dawa ipi iingie kwenye mashine ya kusafishia zulia

Zulia likirudi kuwa jeusi wiki mbili tu baada ya kusafishwa, tena palepale watu wanapopita, lawama huangukia mashine. Mara nyingi mashine haina kosa. Kilichobaki ndani ya nyuzi ni sabuni, na sabuni inayonata hukusanya vumbi la kila unyayo. Ndiyo maana dawa ya mashine haichaguliwi kwa wingi wa povu wala kwa harufu. Cha kuuliza kwanza ni hiki: ikikauka inaacha nini?

Jibu hupatikana kwa usiku mmoja. Zimua dawa kwa kipimo cha lebo, mimina kijiko kimoja kwenye kisahani cha kioo, kiache wazi hadi asubuhi, kisha pitisha kidole. Ukikuta ukoko mkavu unaovunjika kuwa unga, mabaki yake yatatoka na kifyonza vumbi. Ukikuta utando laini unaoshika kidole, usiinunue tena hata kwa nusu bei.

Povu na mota

Mashine ya kunyunyiza na kufyonza, ile yenye tangi la maji safi na tangi la maji machafu, inataka dawa yenye povu dogo sana. Ndani ya tangi la maji machafu mna boya linalopanda maji yakijaa na kuziba njia ya kwenda kwenye mota. Povu halina uzito wa kuliinua boya hilo. Hulipita pembeni, likaingia kwenye mota ya kufyonza, na hapo mlio hubadilika kabla harufu ya kuungua haijafuata.

Pima kabla ya kazi. Jaza chupa ya nusu lita hadi katikati kwa dawa iliyokwisha kuzimuliwa, itikise kwa nguvu mara 10, iweke mezani. Baada ya dakika moja povu liwe limeshuka karibu lote. Likiwa bado limesimama vidole viwili, dawa hiyo isiingie kwenye mashine ya kufyonza.

Hata ukiwa na dawa sahihi, zulia lililowahi kuoshwa kwa sabuni ya kufulia litakutolea povu lake la zamani. Hapo tumia kizuia povu. Kiwekwe kwenye tangi la maji machafu kabla ya kuanza, au kivutwe kidogo kupitia mpira wa kufyonzea povu linapoanza kupanda. Kwenye maji safi hakina kazi: vingi vina silikoni, na ukikinyunyiza unaiacha silikoni hiyo zuliani.

Mashine ya brashi ya mviringo ina masharti mengine kwa sababu haifyonzi. Chochote unachomimina kinabaki, kwa hiyo itafutie shampuu inayokauka kuwa chembe ngumu zilizofunga uchafu ndani yake, ambazo kifyonza vumbi kitazitoa zulia likishakauka. Inafaa kwa zulia la ofisi linalosafishwa mara kwa mara. Zulia lililojaa mchanga na mafuta halisaidiki kwa njia hii.

Sabuni ya dumu

Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa hakukosekani sabuni ya maji ya kupima, inayouzwa kwa dumu la lita 20 bila lebo, na muuzaji anasema inafaa kwa vyombo, sakafu, magari na mazulia pia. Sabuni ya aina hii kwa kawaida ni slesi (kemikali nzito ya kutoa povu, Wakenya huiita ungarol), asidi ya salfoniki iliyozimwa ukali kwa alkali ya soda ashi au kostiki, chumvi, rangi na manukato. Kwa vyombo ni nzuri. Kwenye zulia inaleta shida kadhaa kwa pamoja. Slesi ni mama wa povu. Uzito wa sabuni hiyo hautokani na nguvu yake: chumvi ndiyo inayoifanya slesi iwe nzito, kwa hiyo ile inayomiminika polepole na kuonekana ya gharama huenda ina chumvi tu zaidi. Na kwa kuwa mtengenezaji hupima kwa jicho, dumu la mwezi huu linaweza kuwa na tindikali na la mwezi ujao likawa na alkali kali. Karatasi za kupimia pH, yaani kipimo cha tindikali na alkali (7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni alkali), ni bei rahisi. Chovya moja kwenye kila dumu jipya, hata lile la kampuni yenye jina.

Unga wa kufulia una tatizo lake: nyingi zina kemikali za kung'arisha nguo nyeupe, ambazo hubaki kwenye nyuzi na baadaye zikipigwa na jua huacha umanjano. Na dawa ya kulainisha nguo, ambayo wengine huongeza kwenye tangi ili nyumba inukie, hugombana na sabuni nyingi za mazulia na kuunda utando unaonata. Pia huharibu kinga ya madoa iliyowekwa kiwandani kwenye nailoni.

Jua nyuzi kwanza, ndipo usome pH

Kama lebo ya nyuma ya zulia imefutika, ng'oa uzi mmoja pembeni pasipoonekana, ushike kwa koleo juu ya kisahani, uuwashe. Sufi hunuka nywele zilizoungua, hujizima yenyewe, na jivu lake husagika. Pamba na viskosi hunuka karatasi iliyoungua. Nailoni, poliesta na polipropilini huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kuitenga polipropilini, ambayo ndiyo imejaa kwenye mazulia ya bei nafuu, tupia uzi mwingine kwenye glasi ya maji na uuminye hewa itoke: ukielea, ni polipropilini.

Sufi ikae kati ya pH 5 na 8. Alkali kali huifanya iwe ngumu na ya manjano, na Jik au dawa nyingine yenye klorini huyeyusha nyuzi zenyewe, si rangi tu. Nailoni yenye kinga ya madoa isivuke pH 10. Poliesta na polipropilini huvumilia hadi 11, na mafuta yaliyoshika kwenye polipropilini huhitaji nguvu hiyo, mradi suuzo lifuate. Viskosi, inayouzwa mara nyingi kwa jina la hariri bandia, ogopa. Ikilowa hupoteza nguvu yake nyingi, nyuzi hulala na haziinuki, na maji yakichelewa kukauka huacha rangi ya kahawia. Mashine ya kufyonza isiiguse. Mwambie mteja hivyo kabla ya kuweka chochote.

Angalia pia mgongo wa zulia. Uliofumwa kwa juti hutoa ukahawia ukiloweshwa sana kwa dawa ya alkali. Madoa hayo huonekana zulia linapokauka, wewe ukiwa umeshaondoka.

Halafu jaribu rangi. Lowesha kitambaa cheupe kwa dawa uliyoizimua, kikandamize kwenye kila rangi ya zulia kwa dakika moja au mbili. Nyekundu na bluu iliyokoza ndizo zinazochuja upesi kwenye mazulia ya kusukwa kwa mkono. Kitambaa kikitoka na rangi, jaribu dawa yenye tindikali kidogo. Rangi ikiendelea kuchuja, kazi hiyo si ya mashine.

Dawa mbili kwa kazi moja

Kosa linalopoteza dawa nyingi ni kumimina sabuni yote kwenye tangi na kutegemea ifanye kazi katika sekunde ile inaponyunyizwa na kufyonzwa. Haipati muda. Mafundi waliobobea hutumia dawa ya kutangulizia inayonyunyizwa kwa bomba la mkono, kisha tangi la mashine hubeba maji ya moto matupu au suuzo lenye tindikali kidogo, pH 3 hadi 5, linalozima alkali iliyotangulia na kuacha zulia laini.

Chukua chumba cha mita 4 kwa 5 chenye zulia la poliesta. Fyonza vumbi kikamilifu kwanza, mara mbili kwenye njia za kupita. Udongo mwekundu wa Moshi au wa Kiambu ukiloweshwa ukiwa bado mkavu ndani ya nyuzi hugeuka tope, na hakuna dawa ya kuyeyusha tope. Zimua dawa ya kutangulizia: ikiwa lebo inasema 1:8, lita 5 za maji huchukua mililita 625. Lita 4 hadi 5 za mchanganyiko zinatosha chumba hicho. Nyunyiza, pitisha brashi, subiri dakika 10 hadi 15, na usiruhusu ikauke. Feni ya dari izimwe wakati huu. Kisha fyonza kwa suuzo: mpito mmoja wa kunyunyiza, miwili ya kufyonza bila maji. Hapo ndipo washa feni zote na kufungua madirisha, zulia likauke ndani ya saa 6 hadi 12.

Kwa tangi la lita 10, kipimo cha 1:20 ni mililita 500, cha 1:64 ni takriban 160, na cha 1:100 ni 100. Tumia kikombe chenye alama. Kifuniko cha chupa si kipimo, na kuzidisha dawa "ili itoke vizuri" ni kujiongezea kazi ya kusuuza. Joto la maji lisizidi lile lililoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako. Kwa sufi tumia vuguvugu tu.

Ukimaliza, pima pH ya zulia likiwa bado na unyevu kwa kukandamiza karatasi juu yake. Ikisoma 9 au 10, suuza tena.

Madoa yanayotaka dawa yake

Manjano ya mchuzi na pilau huwashtua wengi. Yakiguswa na dawa ya alkali, doa la njano hugeuka jekundu lililokoza mbele ya macho ya mteja, naye anaamini umeunguza zulia. Usiongeze dawa. Nyunyiza suuzo la tindikali, doa litarudi njano, kisha kwa zulia la nyuzi za plastiki, kama poliesta na polipropilini, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 baada ya kuijaribu pembeni, au litoe juani. Rangi ya manjano hufifia kwa jua bila dawa yoyote.

Hina ni kesi nyingine. Hushika nywele na ngozi, na sufi ni nywele. Ikishakauka kwenye zulia la sufi usiahidi kitu. Kwenye polipropilini hali ni nyepesi, kwa sababu nyuzi hizo hazinywi rangi.

Chai na kahawa zinataka tindikali, kwa sababu alkali huzikoleza na kuzifanya kahawia. Damu inataka maji baridi. Maziwa na mkojo vinataka dawa yenye vimeng'enya: ilowe hadi pale uchafu ulipofika, ikae na unyevu kwa saa kadhaa chini ya kitambaa, na isitanguliwe na dawa ya kuua vijidudu, maana nyingi hudhoofisha vimeng'enya. Mafuta mazito na lami hutolewa kwa kiyeyusho kilichowekwa kwenye kitambaa. Kisimiminwe zuliani, kwa kuwa huyeyusha gundi ya mgongo, na kisiingie kwenye mashine hata tone: mota hutoa cheche.

Maji na kuhifadhi

Maji ya kisima ya pwani yana chumvi na chokaa. Hupunguza nguvu ya sabuni, na chokaa huziba pua za kunyunyizia hadi maji yaliyopaswa kutoka yametandazika yanakuwa mstari mmoja unaoacha michirizi zuliani. Kama huna maji laini, tafuta dawa ambayo lebo yake inataja uwezo wa kukabili maji magumu, na usijaribu kuziba pengo kwa kuongeza kipimo. Pua zilizoziba zilowekwe kwenye siki usiku mmoja, zisafishwe kwa brashi ya meno. Waya hupanua tundu.

Dawa ya unga inayotoa oksijeni, yaani sodiamu pakaboneti, ikishachanganywa na maji huendelea kutoa hewa. Ichanganye kwa kazi ya siku hiyo tu, uimwage iliyobaki, na usiifungie kwenye chupa au bomba la kunyunyizia kwa sababu hupasuka. Ni ya alkali, hivyo isipelekwe kwenye sufi. Jik isikutane na siki, na dawa ya choo yenye tindikali, wala na suuzo lako: hutoa gesi ya klorini, na chumba chenye zulia kwa kawaida madirisha yake yamefungwa.

Kabla ya kurudisha mashine stoo, pitisha lita 2 za maji safi kupitia pampu na pua, mwaga tangi la maji machafu, liache wazi likauke.