Somo: Presha ipimwe kila dakika ngapi mama akiwa kwenye opresheni ya uzazi

Wakuu habari, leo tuongelee presha mezani maana wengi tumekariri kila dakika 5 tukaishia hapo. WHO wanasema isizidi dakika 5, kwa hiyo huo ni mwisho, na kwa mama aliyechomwa sindano ya mgongo mi naona ni mbali mno, ile dawa inalegeza mishipa na presha ya juu (ile namba kubwa, moyo ukisukuma damu) inaweza kutoka 120 ikafika 75 mashine ikiwa bado imekaa kimya.

1. Kabla ya sindano pima mara 2 au 3 mama akiwa ametulia, hiyo ndo namba yako ya kulinganishia. Mkanda umtoshe, mkono mnene ukiuvalisha mkanda mdogo unasoma juu kuliko ukweli. Usifunge mkono wenye dripu.

2. Sindano ikishaingia mlaze, weka kabari chini ya nyonga ya kulia, seti mashine kila dakika 1 mpaka mtoto atoke. Presha ya juu isishuke chini ya asilimia 90 ya mwanzo, alikuwa 120 basi usiiache ikae chini ya 108. Na msikilize mama jamani, akisema kichefuchefu au kizunguzungu usingoje mashine, bonyeza ipime hapo hapo.

3. Mtoto akitoka usilegee, oksitosini, ile dawa ya kukaza kizazi, nayo inashusha presha. Ikitulia ndo urudi dakika 5, damu ikianza kumwagika rudi dakika 1.

MASWALI

– Mkuu sisi mashine imekufa, tuna ya kupampu tu?
Mtu mmoja kazi yake iwe hiyo tu. Shika mapigo ya mkononi, jaza mpaka yapotee, achia taratibu, yakirudi hapo ndo presha ya juu, haraka kuliko kusikiliza.

– Kila dakika 1 si inaumiza mkono?
Kwa dakika 20 hivi hapana, ukiiacha masaa ndo unapata michubuko na ganzi.

– Dada, mwenye presha ya mimba yuko 170, ikishuka 120 si ndo vizuri?
Hapana mdogo wangu, ikiporomoka ghafla hivyo mtoto anakosa damu. Pandisha, ila dawa ya kupandisha presha anza na kidogo sana maana hawa inawapandisha kwa kasi, halafu pima tena baada ya dakika 1.